Uzi maalumu: Unaanza uanagenzi wa ufundi mitambo kiwandani, upande wa matengenezo. Ya kujua kabla ya kushika spana

Spana_17 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa vijana wanaoripoti kiwandani kama wanagenzi wa ufundi mitambo upande wa matengenezo. Iwe saruji, sukari, vinywaji, unga au nguo, popote penye mota, giaboksi na mikanda, kazi ni ileile. Mafundi wazoefu mliomo humu karibuni mjazie na mrekebishe. Wenye maswali ulizeni bila hofu.

Naanza na jambo ambalo kila mwanagenzi anatakiwa aingie nalo getini. Matengenezo si kutoa kipuri kibovu na kuweka kizima. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Nusu iliyobaki ni kujua kilichokiua. Beringi imekufa, umeweka mpya bila kujua sababu, mpya nayo itakufa kwa ugonjwa uleule, na safari hiyo inaweza kula na shafti. Kwa hiyo kipuri kilichotoka usikitupe. Kifute, kitazame, andika ulichokiona, kisha ndiyo kiende kwenye chuma chakavu.

Wiki za mwanzo hutapewa giaboksi kufungua. Utapewa kusafisha, kupaka grisi, kushika tochi, kwenda stoo. Zifanye kwa moyo, kwa sababu ndizo zinazokufundisha kiwanda. Ukiwa unafuta mashine ndipo unapoona oili inavujia wapi, bolti ipi imelegea, na wapi pana unga mweusi wa mpira chini ya puli. Unga huo ni mkanda unaosagika, na mkanda hausagiki bure. Stoo nako ni darasa: huko hakuna "beringi ya ile mota ya kule nyuma", kuna 6205-2RS C3. Jifunze kuongea kwa namba.

Vya kubeba: daftari dogo la mfukoni, kalamu ya alama isiyofutika, tochi, tepu meta ya mita 3, na kama hela inaruhusu kununua chombo kimoja tu cha kupimia, nunua vernia ya milimita 150. Ovaroli, viatu vya chuma mbele, miwani na viziba masikio ni wajibu wa mwajiri. Kwa Tanzania yako kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, usione haya kuviuliza siku ya kwanza. Pete, saa na mkufu viache nyumbani. Glavu ni nzuri kwa kubeba vyuma vyenye ncha, lakini zivue kabla ya kusogelea drili au mashine ya kukereza. Glavu ikinaswa inaondoka na mkono.

Na haya yakariri, yatakuokolea safari za kurudi kwenye boksi la zana: bolti ya M6 spana 10, M8 spana 13, M10 spana 17, M12 spana 19, M16 spana 24, M20 spana 30. Mashine nyingine zina M10 ya spana 16 na M12 ya spana 18, viwango viwili tofauti, usishangae.

KufuliJekundu

Mkuu umeanza vizuri, lakini mimi ningeweka kufuli kabla ya spana. Mwanagenzi akikosea kukaza bolti, mashine inasimama. Akikosea kufungia umeme, mtu anakufa.

Mpangilio wenyewe: wajulishe waendeshaji, zima mashine kwa kawaida, tenga umeme kwenye swichi kuu ya mashine hiyo, weka kufuli LAKO na kibandiko chenye jina lako na saa, ondoa nguvu zilizobaki ndani, kisha jaribu kuwasha. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa sana. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukiwa umehakikisha hakuna mtu karibu. Ikikaa kimya, rudisha swichi ya kuwashia kwenye zima, ndipo uingize mkono. Kitufe chekundu cha kusimamisha hakitengi umeme, kinakata amri tu. Mota yenye sensa inaweza kuwaka yenyewe sekunde yoyote.

Kufuli moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja. Mkiwa mafundi wanne, yawekwe makufuli manne. Usikubali kufanya kazi chini ya kufuli la mwenzako hata kama ni bosi wako. Zamu ikiisha, anayeondoka anatoa lake baada ya anayeingia kuweka lake.

Sasa hizo nguvu zilizobaki, wengi hufikiria umeme tu. Chukua kanveya ya ndoo inayopandisha nafaka: umeme umekatwa, lakini ndoo za upande mmoja zimejaa, za upande wa pili ni tupu. Ukifungua kapulingi (kiungo cha shafti mbili), mnyororo mzima unarudi nyuma kwa uzito wake. Ifunge kwanza kwa cheni bloku. Hewa nayo: silinda ya kipenyo cha milimita 100 kwenye bar 6 inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 480. Kufunga valvu hakutoshi, hewa iliyomo ndani bado ipo. Fungua pa kutolea mpaka geji isome sifuri.

Haidroli nitaisema kwa msisitizo. Usitafute tundu la kuvuja kwa kupapasa hosi na kiganja. Oili ya shinikizo kubwa inapenya ngozi kama sindano. Tundu linaonekana dogo, halitoki damu, na saa chache baadaye mkono umevimba. Tumia kipande cha kartoni. Ikitokea imempenya mtu, ni hospitali wakati huohuo, na waambieni madaktari kwamba ni oili ya shinikizo, wasije wakadhani ni mchubuko.

mwanagenzi_mpya

Asanteni sana wakuu. Naripoti wiki ijayo. Swali: hizo namba za beringi zinasomwaje? Chuoni tulipitia juujuu tu.

Gololi

@mwanagenzi_mpya soma kutoka nyuma. Chukua 6205. Tarakimu mbili za mwisho ni tundu la ndani: zidisha kwa 5. 05 mara 5 ni milimita 25. Inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Chini ya hapo unakariri: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17.

Tarakimu 6 ya mwanzo inasema ni ya gololi, safu moja, mfereji wenye kina. Ya pili inasema unene wa mwili. Ndiyo maana 6205 na 6305 zote zinaingia shafti ya 25, lakini 6205 ni 25 × 52 × 15 na 6305 ni 25 × 62 × 17. Ukipeleka moja mahali pa nyingine, nyumba yake (tundu inamokaa) haitaipokea.

Herufi za mwisho ndizo zinazowaponza watu. ZZ au 2Z ni vifuniko vya bati pande zote mbili, huzuia uchafu mkubwa. 2RS ni vifuniko vya mpira, vinazuia vumbi na maji vizuri zaidi. C3 maana yake uwazi wa ndani ni mkubwa kuliko wa kawaida, kwa sababu mota ikipata joto pete ya ndani inatanuka na kupunguza uwazi huo. Ukiondoa beringi ya C3 ukaweka isiyo na C3 kwenye mota ya moto, itazunguka vizuri mkononi, itazunguka vizuri asubuhi, na kufika mchana itaanza kulia. Stoo wakikwambia "ni ileile tu, haina C3", si ileile.

Spana_17

Nakazia hapo kwa Gololi. Na kabla hujaweka beringi mpya, PIMA shafti. Hapa ndipo vernia haitoshi, omba maikromita. Vernia ya kawaida inasoma 0.02 mm, maikromita 0.01 mm, na tofauti tunayoitafuta ni ya sehemu za mia za milimita.

Mfano: mchoro unasema shafti ya 25 iwe k6. Maana yake iwe kati ya 25.002 na 25.015. Yaani iwe kubwa kidogo kuliko tundu la beringi ili ikabe. Ukipima ukapata 24.97, beringi itaingia kwa mkono bila nyundo na utafurahi kwamba kazi ni rahisi. Hiyo si habari njema. Pete ya ndani itateleza juu ya shafti, itatoa unga mwekundu kama kutu, na shafti itazidi kuliwa. Watu hupiga alama za tindo kwenye shafti ili "ibane". Nundu hizo zinasagika ndani ya siku chache, na kabla hazijasagika zimeshaipinda pete. Dawa ni kujaza na kukereza upya, au shafti mpya.

Pima sehemu tatu kwa urefu, na kila sehemu pima mara mbili kwa kugeuza nyuzi 90. Shafti ikiwa yai huwezi kuijua kwa kipimo kimoja.

Mama_Karakana

Naomba niongeze namna ya kuivalisha, maana nyundo imeua beringi nyingi kuliko uchakavu.

Kanuni: sukuma pete inayobana. Shafti ndiyo inayobana, sukuma pete ya ndani. Nyumba ndiyo inayobana, sukuma pete ya nje. Ukigonga pete ya nje wakati inayobana ni ya ndani, kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha kishimo kwenye mfereji. Macho hayakioni vizuri, sikio litakisikia baada ya kuwasha: mlio wa kukoroma usioisha.

Njia safi ni joto. Hita ya beringi, nyuzi 110. Usizidishe 120, chuma kinapoteza ugumu wake na kubadilika vipimo. Hesabu ipo: chuma hutanuka milimita 0.000012 kwa kila milimita moja na kila nyuzi moja. Beringi ya tundu la 50 ikitoka nyuzi 25 kwenda 110, ni 50 × 85 × 0.000012, sawa na 0.051 mm. Sehemu tano za mia hizo zinatosha iteleze hadi mwisho bila kugongwa. Ikishafika begani (ukingo wa shafti inapoishia) ishikilie hapo ukiisukuma mpaka ikabe, maana ikipoa inajivuta na kuacha mwanya. Zenye vifuniko vya mpira na grisi ndani, nyuzi 80 zinatosha, usiuchome mpira.

Gesi ya kuchomelea usiipeleke kwenye beringi unayotaka kuitumia. Upande mmoja unakuwa nyuzi 300 na mwingine bado baridi.

Na usifungue pakiti mpaka shafti iwe safi na tayari. Beringi iliyokaa wazi juu ya meza yenye vumbi la grainda imeshaharibika kabla ya kazi.

mwanagenzi_mpya

Na grisi? Nimesikia ukiwa na wasiwasi ongeza.

Gololi

Hapana mkuu, hilo liondoe kichwani kabisa. Grisi ikijaa beringi inakorogwa kama unga wa ugali, inazaa joto, joto linatenganisha oili na sabuni yake, oili inakimbia, kinachobaki ni kitu kigumu kisicholainisha. Beringi inakufa kwa kukosa grisi huku imejaa grisi.

Kiasi cha kuongeza kina hesabu: kipenyo cha nje mara upana mara 0.005, jibu ni gramu. Beringi 6310 ina kipenyo cha nje 110 na upana 27. Kwa hiyo 110 × 27 × 0.005 = karibu gramu 15. Sasa bomba lako la grisi linatoa gramu ngapi kwa pampu moja? Usikisie. Piga pampu kumi juu ya karatasi, pima kwa mzani mdogo wa jikoni, gawa kwa kumi. Andika jibu kwa kalamu kwenye mwili wa bomba. Likitoa gramu 1.2, basi 6310 inataka pampu 12 au 13, siyo "mpaka itokee upande wa pili".

Futa nipo (chuchu ya kuingizia grisi) kabla ya kuchomeka. Mchanga uliokaa kwenye kichwa cha nipo unaingizwa ndani na pampu yako ya kwanza.

Rangi ya grisi haisemi aina yake, ni rangi tu. Nyekundu mbili zinaweza kuwa maadui. Grisi nyingi za beringi za mota ni za poliyurea, na za matumizi ya kawaida ni za lithiamu. Zikichanganywa zinaweza kuyeyuka kama supu na kuvuja zote. Soma kopo.

Jiliwa_Mombasa

Naona mmezama kwa ufundi, ni sawa, lakini kijana asisahau karatasi. Kwa sisi wa Kenya, mkataba wa uanagenzi unasajiliwa na NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) chini ya sheria ya mafunzo ya viwandani. Kama hujasajiliwa, wewe ni kibarua mwenye ovaroli. Majaribio ya ufundi ya NITA yanaanza Grade III, halafu II, halafu I, na mtihani ni wa mikono, kwa hiyo kila kazi unayofanya kiwandani ni matayarisho.

Huko Tanzania, uliza kama mafunzo yako yanatambuliwa na VETA (mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi) na yanaelekea ngazi ipi, ya I, II au III. Popote ulipo, maswali ni yaleyale: mkataba ni wa muda gani, posho ni kiasi gani na inalipwa lini, fundi atakayenisimamia ni nani kwa jina, nikiumia nani analipa. Kwa Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliza kama umeandikishwa.

Kitabu cha mafunzo kisainiwe kila Ijumaa, siyo mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka msimamizi amehama kiwanda na hakuna anayekujua. Na usiandike "nilisaidia kutengeneza pampu". Andika: "nilibadilisha paking ya pampu, milimita 10, pete tano, nikarekebisha matone."

PampuSafi

Hiyo mifano ya Jiliwa imenileta. Paking, zile pete za kuzibia maji kuzunguka shafti ya pampu, ni kazi ya kwanza ambayo mwanagenzi hupewa afanye peke yake, na hukosewa sana.

Ukubwa: tundu la boksi la paking toa kipenyo cha shafti, gawa kwa mbili. Boksi 60, shafti 40, paking ni 10. Toa ya zamani YOTE kwa ndoano yake. Watu huacha pete moja ya mwisho imeganda ndani, halafu wanashangaa kwa nini zilizoingia ni nne badala ya tano. Kama kuna pete ya taa katikati (ile yenye matundu ya kupitisha maji), hesabu iko baada ya pete ya ngapi, maana ikikaa nje ya tundu la maji paking inaungua.

Zungushia paking kwenye bomba lenye kipenyo sawa na shafti, kata kwa mshazari wa nyuzi 45. Usiviringishe ndefu moja kama kamba. Ingiza pete mojamoja, kila moja ikandamizwe mpaka ikae, na maungio yapishane kwa nyuzi 90: saa 12, saa 3, saa 6, saa 9. Kaza nati za mfuniko kwa vidole tu.

Washa, iache ivuje vizuri dakika 10 au 15, kisha kaza robo ya flati ya nati, pande zote mbili sawa, subiri dakika kadhaa, rudia. Mwisho unataka matone 40 hadi 60 kwa dakika. Ndiyo, inatakiwa IDONDOKE. Maji hayo ndiyo yanayopoza. Msimamizi wa uzalishaji atakuja kukwambia "bado inavuja, kaza". Ukikaza mpaka ikauke, utaona moshi, na shafti itachorwa mfereji ambao hakuna paking itakayouziba.

Mekaniko sili (inayoziba kwa nyuso mbili zinazogusana badala ya paking) ni habari nyingine: nyuso zake usiziguse kwa vidole, na pampu isizungushwe bila maji hata kwa kujaribu mwelekeo wa mota. Sekunde chache kavu zinatosha kupasua nyuso hizo.

Mkanda_B68

Mikanda nitaisema kwa kifupi. Ile ya umbo la V ina herufi za ukubwa: A ina upana wa juu milimita 13, B 17, C 22. B68 ni umbo la B lenye urefu wa ndani wa inchi 68. Legeza mota, usiingize mkanda kwa kuulazimisha na bisibisi, unakata nyuzi za ndani na hutaziona. Badilisha seti yote, mmoja mpya kati ya minne mizee unabeba mzigo peke yake. Puli zipimwe kwa rula ndefu au uzi uliovutwa. Mkanda ukigusa chini ya mfereji na chini kunang'aa, puli imekwisha, siyo mkanda. Kukaza: bonyeza katikati, uzame milimita 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Rudi baada ya saa 24 za kazi ukaze tena.

Spana_17

Sasa kulinganisha kapulingi, maana hapa ndipo mwanagenzi anapoanza kuitwa fundi. Nitakwenda polepole.

Kwanza mguu mwepesi. Mota ina miguu minne, meza yake haijanyooka kikamilifu. Kaza yote, weka dayo geji (kipimo cha sindano) juu ya mguu mmoja, legeza bolti yake. Sindano ikisogea zaidi ya 0.05 mm, mguu huo unaelea. Pima mwanya kwa fila geji (majani membamba ya kupimia), weka shimu (kibati chembamba) ya unene huo, kaza, nenda mguu unaofuata. Ukiruka hatua hii, vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya, kwa sababu kila ukikaza mota inapinda.

Pili, mabomba ya pampu. Legeza flanji (maungio ya bomba). Kama bomba linaruka pembeni, linaivuta pampu. Rekebisha bomba, usirekebishe mota ifuate kosa la bomba.

Tatu, linganisha kwa rula juu ya kapulingi, juu na pembeni, mpaka jicho liridhike. Nne, funga dayo geji kwenye nusu ya upande wa pampu, sindano iguse mgongo wa nusu ya upande wa mota. Weka sifuri saa 12. Zungusha shafti zote mbili pamoja, soma saa 3, saa 6, saa 9, rudi saa 12. Lazima irudi sifuri. Isiporudi, kuna kitu kimelegea kwenye stendi yako.

Kuna ukaguzi mzuri hapa: saa 3 jumlisha saa 9 lazima ikaribie saa 6 jumlisha saa 12. Kama umepata saa 3 = +0.10, saa 9 = +0.30, basi saa 6 inatakiwa iwe karibu +0.40. Ukiona +0.25, usianze kukata shimu. Kipimo ni kibovu.

Na hapa ndipo watu wanapoanguka: usomaji wa saa 6 ni MARA MBILI ya tofauti halisi. Geji ikisema 0.40, shafti zimepishana 0.20. Ukiweka shimu ya 0.40 umepita upande wa pili kwa kiasi kilekile, na geji itakuonyesha namba ileile yenye alama kinyume. Ukiona hivyo, ujue umeweka yote badala ya nusu.

Sogeza mota, pampu iache. Kwa mota ya mizunguko 1500 kwa dakika, lenga 0.05 mm au pungufu, kisha pima na uwazi wa nyuso pande nne. Shimu zisizidi nne kwa mguu, nyembamba ziwe katikati ya nene, kingo zisuguliwe kwa tupa.

PampuSafi

Ongezea joto hapo mkuu. Pampu ya maji ya moto yenye kimo cha milimita 300 kutoka mguuni hadi katikati ya shafti, ikipanda nyuzi 50, inainuka 300 × 50 × 0.000012 = 0.18 mm. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya 0.05 uliyoihangaikia. Kwa hiyo mota huwekwa juu kidogo pampu ikiwa bado baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mwongozo wa pampu.

mwanagenzi_mpya

Hili la mara mbili hatukuambiwa kabisa. Kukaza bolti je, kuna namba au ni hisia ya mkono?

KufuliJekundu

Kuna namba. Kichwa cha bolti kimeandikwa 8.8, 10.9 au 12.9, ndilo daraja la nguvu yake. Kwa 8.8 kavu: M8 karibu Nm 25, M10 karibu 49, M12 karibu 85, M16 karibu 210. Ukiipaka oili, punguza, msuguano umepungua na bolti inavutika zaidi kwa nguvu ileile. Flanji kaza kwa msalaba, mzunguko wa kwanza theluthi, wa pili theluthi mbili, wa tatu kamili. Usibadilishe 8.8 kwa bolti isiyo na alama kutoka dukani, hata kama nyuzi zinaingiliana vizuri.

Bolti ikikatika na ikabidi utengeneze nyuzi upya: kipenyo toa hatua ya nyuzi (umbali wa uzi mmoja hadi mwingine) ndiyo drili yako. M6 drili 5, M8 drili 6.8, M10 drili 8.5, M12 drili 10.2. Tapu (kikata nyuzi) izungushwe nusu mbele, robo nyuma, na oili.

Mama_Karakana

Turudi kwenye lile alilolianza Spana_17, kusoma kipuri kilichokufa. Beringi ikitoka, ikate pete ya nje kwenye jiliwa ukiwa na miwani na ngao ya uso, ifunike kwa tambara, zioshe pete, tazama mfereji kwenye mwanga.

Vishimo vilivyopangana kwa umbali uleule wa gololi: iligongwa wakati wa kuvalishwa. Rangi ya kahawia au buluu: joto, grisi ilikosekana au ilizidi. Mfereji wa kijivu usiong'aa wenye vidonda vidogovidogo kila mahali: uchafu uliingia, kagua sili. Njia ya gololi imepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili: shafti na nyumba havikunyooka. Njia nzito mbili zinazotazamana kwenye pete ya nje: nyumba imebanwa ikawa yai. Mistari iliyolala sambamba kama bati la paa, imejipanga sawasawa duara zima: umeme umepita ndani ya beringi. Hiyo utaikuta kwenye mota zinazoendeshwa na inveta (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota), na dawa yake ni ya fundi umeme: erthi ya shafti (kuupeleka umeme huo ardhini) au beringi iliyokingwa. Ukibadilisha tu, mistari itarudi.

Jiliwa_Mombasa

Mama Karakana, na hii je: mota ya akiba, imekaa miezi bila kuwashwa, siku ya kuitumia inakoroma kutoka dakika ya kwanza. Beringi ilikuwa mpya, ilivalishwa kwa hita, haikugongwa.

Mama_Karakana

@Jiliwa_Mombasa hiyo ni mtetemo wa majirani. Mota imesimama, gololi zimekaa palepale, sakafu inatetemeka kwa mashine zinazofanya kazi pembeni. Gololi zinasugua sehemu moja, grisi inasukumwa pembeni, chuma kinagusana na chuma. Ukiikata utakuta vishimo vya umbali wa gololi kama vya nyundo, lakini tofauti iko kwenye rangi: vya mtetemo vina unga mwekundu wa kutu ndani, vya nyundo vinang'aa.

Mwanagenzi mpe kazi hii: alama moja ya rangi nyeupe kwenye kapulingi ya kila mota ya akiba. Kila Ijumaa, umeme ukiwa umefungiwa, azungushe shafti kwa mkono mizunguko kadhaa, na aiache alama robo mbele ya ilipokuwa Ijumaa iliyopita. Aandike kwenye kadi ya mashine: saa 12, saa 3, saa 6, saa 9.